Lumbesa ni dharau kwa kiazi na kwa aliyekilima

Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, siyo ujanja wa biashara, na inaniuma kila nikisikia watu wazima wakiitetea hivyo. Nenda Umalila au Isongole, huku Nyanda za Juu Kusini, wakati wa kuvuna viazi uone inavyofungwa. Gunia linajazwa mpaka mdomoni. Juu yake kinaongezwa kipande cha gunia jingine au wavu, viazi vinapangwa kimoja kimoja mpaka kichwa kisimame, kisha mshonaji anapitisha shazia na kamba huku na huku hadi kilemba kikaze. Hilo ndilo linaitwa gunia moja. Vijana wanalipandisha kwenye lori kwa kuhema, migongo inaumia, na mizani haipo.

Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, tunayo, na ukomo unaojulikana ni kilo 100 kwa gunia. Lumbesa hufika kilo 130 na kuendelea. Tuseme mkulima ameuza magunia 50, na kila moja limezidi kwa kilo 30. Ametoa bure kilo 1,500, yaani magunia 15 kamili. Mbegu ya magunia hayo aliinunua, mbolea aliinunua, na dawa ya ukungu ndiyo usiseme, maana kwa baridi na mvua za huku ukichelewa kupiga, majani yanaungua shamba zima. Jasho lote hilo linaondoka na lori bila hata kuandikwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kiazi hichohicho kikifika Dar es Salaam kuna wanaokipima kwa kilo. Muuza chipsi anajua kila sahani imemlipa kiasi gani. Kumbe thamani ilikuwepo tangu shambani, ila aliyekuja kununua alitaka asiione, na sisi tukamsaidia kutoiona. Tunasema "viazi tu". Mbozi hapo jirani, kahawa inapimwa kwa kilo, inapangwa madaraja, inakwenda mnadani, wala hakuna anayemwambia mkulima aongeze kilemba. Mkulima wa kahawa na wa viazi wanashika jembe lilelile.

Najua jibu la wakulima, na lina uzito: ukikataa lumbesa, lori linahamia kwa jirani, na viazi havingoji. Vikipigwa jua vinageuka kijani, vikikaa vinaota au vinaoza. Maghala ya ubaridi ya kuhifadhia ni nadra vijijini. Mtu mwenye ada ya mtoto inayodaiwa hawezi kushindana peke yake na dalali mwenye fedha mkononi. Ndiyo maana simlaumu mkulima mmojammoja. Nazilaumu serikali za vijiji zinazokusanya ushuru kwa kuhesabu magunia na kufumba macho kuhusu ukubwa wake, na hapo hata kijiji chenyewe kinapunjika, kwa sababu kilo 130 zinapita kwa ushuru wa gunia moja.

Kituo kimoja cha kuuzia kwa kila kijiji, chenye mizani iliyohakikiwa, na lori lisipakie mahali pengine: hilo linawezekana msimu huuhuu, bila kusubiri mradi wala mfadhili. Mkutano wa kijiji ndio pa kuanzia, mradi vijiji jirani vikubaliane siku moja, ili lori lisipate pa kukimbilia.