Kwani lazima antibayotiki ukishang'oa jino?
Wanaosema sio kila anayeng'olewa jino apewe antibayotiki nawaunga mkono, mi mwaka jana nilitolewa gego la chini daktari akanipa Panadol na pamba ya kung'ata nusu saa basi, nikamwona hajui kazi, nikapitia duka la dawa nikajinunulia antibayotiki, amoksilini na Flagyl. Siku ya tatu maumivu mpaka sikioni usingizi hamna! Kumbe nilikuwa nasukutua tangu siku ileile na sigara juu, donge la damu lililoziba shimo la jino likatoka mfupa ukabaki wazi, sasa kidonge kitaziba shimo? Watu kama wenye vali bandia ya moyo ndo wanapewa dozi ya antibayotiki, tena kabla ya kung'oa, sio sisi wa kujinunulia.