Kabla ya kumwambia mtu ajizuie kula, muulize analalaje

Anayetaka kupunguza uzito hupewa ushauri wa aina mbili: punguza chakula, fanya mazoezi. Akishindwa huongezewa wa tatu, ambao kwa kweli ni hukumu: huna nidhamu. Ni nadra kumsikia mshauri akianza kwa kuuliza usiku wake unakwendaje. Kwa maoni yangu hilo ndilo swali lililostahili kutangulia, na sababu zangu zinatoka kwenye sehemu ndogo ya upande wa chini wa ubongo, iitwayo haipothalamasi.

Mwaka 1998 makundi mawili ya watafiti yaligundua, kila moja kivyake, kemikali ileile inayotengenezwa na seli chache za neva za sehemu hiyo. Kundi la Masashi Yanagisawa na Takeshi Sakurai, lililokuwa Dallas nchini Marekani, liliidunga kwenye ubongo wa panya, nao wakala kupita kawaida. Wakaipa jina la oreksini, wakiamini wameshika kemikali ya njaa. Kilichofuata ni kuzalisha panya wasio na jeni ya oreksini na kutazama kama watakula kidogo. Kwa kuwa panya hula usiku, waliwarekodi gizani kwa kamera za infraredi. Kilichoonekana kwenye video hakikutarajiwa: panya aliyekuwa akihangaika huku na huku alianguka ghafla, akatulia tuli, kisha baada ya muda mfupi akainuka na kuendelea na shughuli zake. Ilikuwa nakolepsi, ugonjwa unaomfanya mtu azidiwe na usingizi mchana na kuishiwa nguvu za misuli kwa ghafla, mara nyingi anapocheka.

Mwaka 1999, uleule yalipotangazwa matokeo ya panya hao, kundi la Emmanuel Mignot wa Chuo Kikuu cha Stanford lilitoa matokeo yake kuhusu mbwa wa Doberman na Labrador waliorithi nakolepsi. Hitilafu yao ilikuwa kwenye kipokezi, yaani sehemu ya seli inayoipokea kemikali hiyohiyo. Mwaka 2000 ikathibitika kwa binadamu pia: ubongo wa wagonjwa waliokwisha kufariki ulikuwa umepoteza sehemu kubwa mno ya seli za oreksini.

Yaani watu walikwenda kutafuta njaa wakakutana na kinachotuweka macho. Ukilitafakari, halishangazi hata kidogo. Mnyama mwenye njaa hana ruhusa ya kulala, sharti aamke atafute. Seli hizi hupokea habari za mwili moja kwa moja. Sukari ikipanda kwenye damu, au leptini, homoni ya seli za mafuta iliyogunduliwa na kundi la Jeffrey Friedman mwaka 1994, zinapoa. Ghrelini, homoni ya njaa, ikitoka tumboni, zinachangamka. Na zikichangamka hazituamshi tu, huzichochea pia seli za dopamini, zile zinazotusukuma kufuata kitu.

Niseme neno kuhusu dopamini, maana mitandaoni imegeuzwa kuwa homoni ya raha, na wapo wanaohubiri eti tufunge dopamini, yaani tujinyime vinavyotupa raha. Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake walichunguza panya walioondolewa karibu dopamini yote. Panya hao hawakutafuta chakula tena, na wangekufa kama wasingelishwa. Lakini walipotiwa kitu kitamu mdomoni, waliramba midomo vilevile kama panya wazima. Kupenda kulibaki, kutaka ndiko kulikokwisha. Ndiyo maana mtu anaweza kumaliza pakiti nzima ya kitu ambacho tangu katikati hakikuwa na ladha yoyote kwake. Kumwita mlafi hakuelezi chochote.

Sasa mnyime mtu huyo usingizi. Mwaka 2004 Karine Spiegel, Eve Van Cauter na wenzao wa Chicago waliwalaza vijana 12 kwa saa 4 tu, usiku mbili mfululizo, kisha wakawalinganisha na walivyokuwa walipopewa saa 10 kitandani. Leptini ilishuka kwa asilimia 18, ghrelini ikapanda kwa asilimia 28, njaa yenyewe kwa asilimia 24. Vijana 12, wote wanaume, ni wachache, na tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote kuhusu homoni hizo. Mimi nauamini zaidi utafiti wa mwaka 2022 wa Esra Tasali, naye wa Chicago. Aliwachukua watu 80 wenye uzito uliozidi waliokuwa wakilala chini ya saa 6 na nusu. Nusu yao walishauriwa namna ya kurefusha usingizi wakiwa majumbani mwao, bila kuambiwa lolote kuhusu chakula. Walipoongeza takriban saa moja na dakika chache, ulaji wao ulipungua, na tofauti kati yao na wenzao ikafikia wastani wa kalori 270 kwa siku. Hakuna aliyewaambia wajinyime.

Najua jibu la wenye msimamo mkali: mwisho wa yote mdomo ni wako. Ni kweli, na simwambii mtu aache kuangalia anachokula. Lakini anayejizuia baada ya usiku mbovu hapambani na kitu kilekile anachopambana nacho aliyelala vizuri, hata kama sahani zao zinafanana.

Ninachokihofia ni usingizi nao kugeuzwa fimbo nyingine ya kuwachapia watu. Mlinzi wa zamu ya usiku hakuchagua kukesha, wala muuguzi, wala mama mwenye mtoto mchanga. Wapo wanaolala saa 8 na bado wanaamka wamechoka kwa sababu pumzi zao hukatika usingizini, tatizo ambalo uzito mkubwa huliongeza. Kwa hiyo daktari akiuliza, asiishie kwenye idadi ya saa. Aulize zamu za kazi, aulize nani anaamka mtoto akilia, na amuulize anayelala naye kama anakoroma.