Nani kachimba ukoka?

Vuli ikianza kunyesha Tanga, mazungumzo ya majirani zangu wa Raskazone hubadilika. Wenye nyumba zenye ukoka mbele wanaamka na kukuta uwanja umefukuliwa, na hadi jioni kila mmoja kashapata mshauri. Huyu anaambiwa amwage sumu. Yule anaambiwa awaache, viumbe wa Mungu hao. Nimewasikiliza wote kwa misimu kadhaa, na naona wote wanaruka swali la kwanza: aliyechimba ni nani?

Shimo lenyewe husema. Kilima kidogo cha udongo mbichi kisicho na tundu ni kazi ya fuko, maana yeye hujifungia mlango kwa ndani. Tundu kubwa lililo wazi, karibu na ukuta au rundo la takataka, mara nyingi ni la panya buku. Tundu la mviringo upande wa mikoko, lenye vidonge vya tope mdomoni, ni la kaa. Vishimo vifupi vilivyotapakaa, kama mtu kapita akichomeka vidole, si nyumba ya yeyote: nguchiro wamepita mchana wakitafuta funza. Ukoka uliopinduliwa usiku mmoja kama kwa jembe, hasa kwa walio karibu na vichaka vya Amboni, huyo ni nguruwe pori, na hapo hakuna cha kubishana sana. Jenga uzio imara.

Mzee anayenikatia majani ana kipimo chake, na sijaona kinachokizidi. Jioni anaziba tundu kwa majani makavu ya mwembe, kisha anatandaza majivu kuzunguka. Alfajiri anachuchumaa pale kama anayesoma barua. “Yamesukumwa nje haya, mwanangu. Mwenyewe yumo.” Majani yakikutwa yalivyoachwa, mchimbaji alikuwa mpita njia. Majivu nayo yanatoa nyayo.

Ushauri wa mtandaoni ndio uliotupoteza wengi. Mwingi umeandikwa kwa bustani za Marekani na Uingereza, na mnyama wao wa chini ya ardhi, ambaye kamusi zetu humwita fuko vilevile, anakula minyoo na wadudu. Ndiyo maana wanaambiwa waue funza ili akose chakula ahame. Fuko wetu si huyo. Wetu ni wa jamii ya panya, anakula mizizi na viazi, na meno yake ya mbele yako nje ya midomo, hivyo anachimba kinywa kimefungwa bila kumeza mchanga. Unaweza kumaliza funza wote wa Raskazone na yeye asijue kama kuna kilichotokea. Jirani yangu alinyunyizia dawa ya wadudu msimu mzima kwa ajili ya fuko. Waliokufa ni siafu na kuku mmoja.

Sasa, wanaotaka kuua wana hoja, na tusiwachukulie kama wakatili. Mtoto akitumbukiza mguu kwenye handaki la fuko anateguka kweli. Mashimo ya panya buku kando ya msingi hupitisha maji ya mvua. Nyoka naye kwa kawaida hachimbi mwenyewe. Anapanga kwenye nyumba ya mwenzake, na hofu hiyo si ya kuchekwa.

Upande wa pili nao una uzito. Nguchiro anayetoboa ukoka anakula funza ambao wangekula mizizi ya ukoka huohuo. Kaa alikuwepo kabla ya hati ya kiwanja. Anashuka hadi kwenye unyevu wa chini, na ukimzibia kwa saruji anatoboa pembeni. Panya buku ni jamii moja na wale wanaofunzwa Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Panya Magawa, aliyepewa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia, alizaliwa hukohuko.

Ila hoja ya “waacheni” ina tundu lake, na ni kubwa. Mwenye ukoka anaweza kuwa mkarimu kwa sababu hasara yake ni ya macho tu. Ng'ambo ya ukuta wangu kuna mama mwenye matuta matatu ya muhogo na viazi vitamu. Fuko anayestawi kwangu anakwenda kula kwake, na sijasikia mtu aliyelipwa kifuta jasho kwa ajili ya fuko. Huruma yangu analipa yeye. Kwa hiyo fuko namtega. Mzee anafukua handaki, anaacha upepo uingie, anaweka kitanzi kwenye kijiti kilichopindwa. Fuko akija kuziba ufa, amekwisha. Ni kifo, lakini cha mmoja aliyekusudiwa.

Sumu ndiyo nimeikataa. Ile inayouzwa na wachuuzi wenye kipaza sauti, “dawa ya panya, mende, kunguni”, hakuna anayejua vizuri kilichomo. Nyingi za panya huzuia damu kuganda na huchukua siku kadhaa kuua. Katika siku hizo panya anayumbayumba nje, analiwa na paka au bundi, nao huweza kufa. Bundi tunamwita mchuro akilia juu ya paa, kumbe ni mwindaji wa panya asiyedai mshahara. Mafuta ya taa nayo, yakimwagwa tunduni, yanaua ukoka kwanza, kisha yanaelekea kisimani.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba sisi ndio tunaoandaa karamu. Tunamwagilia kiangazi kizima udongo wote wa jirani ukiwa mgumu kama tofali, tunatandaza samadi mbichi iliyojaa mayai ya mbawakavu yanayoanguliwa kuwa funza, tunaacha maembe yaoze chini ya mti. Mwaka huu nimeiacha samadi ioze kwanza miezi mitatu, na maembe tunayaokota kila asubuhi. Nguchiro bado wanapita, wachache. Juzi jioni tuliziba tundu jipya karibu na tangi la maji. Asubuhi majani yalikuwa palepale, na juu ya majivu kulikuwa na nyayo za paka wangu mwenyewe.