Mrudishieni Peter Parker mke wake

Hili linaniudhi mpaka leo. Peter Parker, yaani Spider-Man, alimuoa Mary Jane mwaka 1987. Wakaishi mke na mume miaka 20, halafu 2007 Marvel, wachapishaji wa vitabu vyake vya katuni, wakaifuta ndoa yenyewe. Kwa talaka? Wapi! Peter alikubali kumpa Mephisto, shetani mzima, ndoa yake ili May, mama aliyemlea, apone jeraha la risasi. Bi May ninayemjua mimi asingekubali kamwe! Sababu ya Marvel? Ati shujaa mwenye mke anaonekana mzee. Nani kasema? Sisi tulipenda kumwona akirudi kwake na michubuko, mkewe kakesha akimngoja. Tangu hapo wanasogezwa karibu, wanatenganishwa, wanasogezwa tena. Waozesheni hawa watu, basi!