Gogo la Craigleith

Kiganja kinasema jiwe, jicho linasema mti. Nilisimama hivyo kwa muda mrefu kando ya nyumba za vioo za Bustani ya Mimea ya Kifalme mjini Edinburgh, mkono wangu juu ya gogo lililopoa kama sakafu ya saruji. Watu walinipita wakielekea kutazama mitende. Siwalaumu, maana nyumba ile kubwa ya mitende imesimama tangu mwaka 1858 na inastahili kutazamwa. Lakini mti ulio mkongwe kuliko yote waliyokuja kuyaona walikuwa wameshauacha nyuma.

Gogo hili lilitoka kwenye machimbo ya mawe ya Craigleith, si mbali na bustani yenyewe, ambako wachimbaji wa karne ya 19 walikuta magogo kadhaa ya namna hii yamefukiwa ndani ya mwamba. Jingine limepelekwa London, nalo liko kwenye Makumbusho ya Historia ya Asili. Umri wa gogo hili ni takriban miaka milioni 330. Tarakimu hiyo mtu huisoma na kuipita tu, kwa hiyo mimi hupenda kuhesabu kwa vitu ambavyo havikuwapo. Mti huu ulipokuwa hai, hapakuwa na ndege wa kutua juu ya tawi lake. Duniani kote hapakuwa na ua hata moja, wala jani la nyasi chini ya kivuli chake. Dinosaria wa kwanza walikuwa bado miaka milioni 100 hivi mbele. Waliokuwapo ni viumbe kama yule jamaa wa jongoo ambaye kipande cha gamba lake kiliokotwa mwaka 2018 kwenye ufuko wa Northumberland, kusini ya mpaka wa Uskoti. Wataalamu wanakadiria alifikia mita 2.6. Jongoo mrefu kuliko mlango wa nyumba!

Halafu kuna jambo lililonigusa kuliko yote. Uskoti ya wakati ule haikuwa huku kaskazini kwenye baridi. Ardhi hii ilikuwa karibu na ikweta, na mabara yamekuwa yakisogea polepole tangu hapo hadi kuifikisha ilipo leo. Kwa hiyo gogo ninaloligusa huku nimefunga koti hadi shingoni ni la mti wa nchi ya joto. Wale wanaokimbilia nyumba za vioo ili waone mimea ya ikweta wameupita mmoja nje, kwenye manyunyu.

Tunajuaje kwamba ni mti, na wa aina gani? Hapa lazima nimtaje William Nicol, mtu wa Edinburgh, ambaye naona hatajwi vya kutosha. Hadi wakati wake, mtu aliyekuwa na kisukuku cha mti, yaani mabaki ya mti yaliyogeuka jiwe, angeweza kukitazama kwa nje tu. Wenzake wa enzi ile walitumia njia ya kukata kipande chembamba cha jiwe, kukigandisha kwenye kioo kwa utomvu wa mti, kisha kukisaga taratibu hadi nuru ipenye. Nicol aliiboresha njia hiyo mpaka ikafaa hasa. Ukikiweka kipande hicho chini ya hadubini unaona seli za mti, moja moja, zimejipanga kama zilivyokuwa siku mti ulipokuwa ukivuta maji. Henry Witham, mchunguzi wa mimea ya kale, aliichapisha mbinu hiyo mwaka 1831, akaitumia kuchunguza magogo ya Craigleith, na mti ukaja kubeba jina lake: Pitys withamii. Kilichoonekana humo kilishangaza. Mbao zake zilifanana na za misonobari, wakati wengi walitegemea kwamba mimea ya zamani hivyo ingekuwa mikangaga mikubwa tu. Leo tunajua ni mmoja wa miti ya mwanzo kabisa iliyozaa mbegu, wa ukoo ambao umekwisha. Hakuna mzao wake anayeota popote.

Ndiyo maana nashikilia kwamba mahali pake ni bustanini. Nimesikia hoja kwamba kisukuku ni mali ya watu wa miamba na kinafaa kukaa ndani, kwenye kabati, mbali na mvua na vidole vya watu kama mimi. Ina uzito. Glasgow waligundua visiki 11 vya zamani katika Victoria Park mwaka 1887 na wakavijengea nyumba, na walifanya vizuri, kwa sababu jiwe nalo huliwa na hali ya hewa. Basi na hili lijengewe paa kama italazimu. Ila lisihamishwe. Kwenye makumbusho ya miamba lingekuwa jiwe miongoni mwa mawe. Hapa limezungukwa na miti inayopumua, na mtoto akiuliza "huu nao ni mti?" mzazi anaweza kumwonyesha gome la mti ulio hai hatua chache tu kutoka hapo, wafananishe wenyewe.

Sikujua, hadi nilipotoka getini na kutembea kuelekea New Town, eneo la kihistoria la Edinburgh, kwamba sehemu ya pili ya hadithi ilikuwa inanisubiri mtaani. Mti ule ulizolewa na mto wa kale ukafukiwa na mchanga. Maji yenye madini ya chokaa na chuma yakapenya ndani ya mbao na kuzigeuza jiwe, na mchanga wenyewe ukashikamana ukawa mwamba. Mwamba huo ndio jiwe la Craigleith, lililosifika kwa ugumu na rangi yake, na ndilo lililojenga sehemu kubwa ya New Town. Machimbo yamefukiwa, na juu yake sasa kuna maduka na maegesho ya magari. Nilisogea kwenye ukuta wa nyumba moja ya zamani na kuugusa, kiganja kilekile. Chembe mbili tatu za mchanga zilibaki kwenye ncha za vidole, na sikuzipangusa hadi nilipofika kituo cha basi.