Marehemu Aliyeteuliwa Kusimamia Mirathi Yake

Mkosi wote ulianzia kikaoni, pale nilipomwambia mkuu wa timu, mbele ya watu sita, kwamba tatizo la diski kujaa ningelimaliza kwa mistari miwili ya msimbo. Usiku uliotangulia nilikuwa nimesoma habari za rejea dhaifu katika Python, lugha tunayoandikia programu, na mtu aliyesoma jambo jana usiku ni wa kuogopwa kuliko asiyelisoma kabisa.

Programu yetu ilipokea picha, ikazipunguza ukubwa na kuzirudisha. Kila picha iliandikiwa faili la muda kwenye diski, na faili hilo lilipaswa kufutwa picha ikimaliza kazi, lakini walioitumia programu walisahau kuita funksheni ya kufuta, nasi tukabaki na mafaili yasiyo na mwenyewe. Dawa niliyoileta ilikuwa hii: rejea, yaani kiungo kinachoelekeza kwenye kitu, ikiwa ya kawaida hukishika kitu na kukizuia kisife, yaani kisiondolewe kwenye kumbukumbu ya kompyuta, ilhali rejea dhaifu hukitazama tu, tena unaweza kuikabidhi funksheni itakayoitwa pindi kitu kinapokufa. Kwa hiyo picha ikifa, rejea dhaifu ingepiga mbiu ya msiba, funksheni ingeamka na kufuta faili, nami ningepongezwa.

Nilijaribu kwanza katika dirisha la Python la kuandika amri moja moja. Nikaunda picha, nikaita `weakref.ref` nikiipa picha hiyo pamoja na funksheni ya kufuta, kisha nikaifuta picha kwa `del`. Faili likatoweka papo hapo. Nikarudia mara nne kwa raha tu, nikapeleka msimbo kwenye seva, nikaenda kulala usingizi wa mtu mwema.

Asubuhi diski ilikuwa imejaa kama jana, na hakuna faili hata moja lililofutwa. Ilinichukua nusu siku kugundua kwamba rejea dhaifu nayo ni kitu kama vitu vingine: usipoishika mahali, hufa mara tu mstari wake unapokwisha, na mpiga mbiu akitangulia kufa, kifo cha picha hakitangazwi na mtu yeyote. Mbona basi lile jaribio langu lilifaulu? Kwa sababu dirisha lile lina desturi ya kuhifadhi jibu la amri iliyopita katika jina `_`, yaani mstari mmoja mdogo wa chini. Mpiga mbiu wangu alikuwa amening'inia kwenye kamstari hako bila mimi kujua, na kwenye seva hakuna kamstari ka kumwokoa mtu.

Sikukata tamaa, na laiti ningekata. Nikahamia `weakref.finalize`, chombo kilichoingia Python 3.4, ambacho hujihifadhi chenyewe hadi kazi yake iishe, hivyo mpiga mbiu hawezi kufa njiani. Katika kuunda kila picha niliandika `weakref.finalize(self, self.futa)`, maana yake: picha hii ikifa, iitwe mbinu ya kufuta, yaani funksheni iliyo mali ya picha hii hii. Msomaji makini ameshaona. Mbinu iliyofungamana na picha huishika picha yenyewe, tena kwa rejea imara, na `finalize` nayo huishika mbinu. Nilikuwa nimemteua marehemu kuwa msimamizi wa mirathi yake, na marehemu, kwa kujua wajibu wake, akakataa kufa.

Hapo tukapata matatizo mawili badala ya moja, kwa kuwa sasa hata kumbukumbu ya seva ilianza kujaa. Kilichonichanganya zaidi ni ushahidi. Kila mara mkuu alipolalamika kwamba mafaili yamerundikana, mimi niliizima programu kwa ustaarabu ili nikague, nikifungua folda naikuta nyeupe.

"Bosi, mbona ni safi?"

"Nimeyaona kwa macho yangu, maelfu."

Tulibishana hivyo kwa siku mbili. Kumbe `finalize`, usipoikataza, huita funksheni zote zilizosubiri pale programu inapofunga shughuli zake kwa kawaida, kwa hiyo ni mimi mwenyewe niliyekuwa nikifuta ushahidi kila nilipokwenda kuutafuta.

Nikaamua kuhesabu. Python hii ya kawaida huweka kwa kila kitu hesabu ya rejea zinazokishika, na hesabu ikifika sifuri kitu hufa hapo hapo. Mkusanya taka, yaani sehemu ya Python inayosafisha kumbukumbu, huhitajika zaidi kwa vitu vilivyoshikana vyenyewe kwa mzunguko. Nikaunda picha moja yenye jina moja tu, nikaita `sys.getrefcount`, inayoitaja hesabu hiyo, nikitarajia 1. Ikaniambia 4, yaani kulikuwa na wageni watatu wanaoishika picha.

Mgeni wa kwanza nilimwinda saa nzima. Alikuwa ni `getrefcount` yenyewe, kwa sababu ili ihesabu wanaoishika picha, sharti nayo ipewe picha iishike. Wa pili alikuwa yule msimamizi wa mirathi, ambaye nilimwondoa kwa kuipa `finalize` funksheni ya `os.remove`, inayofuta faili, pamoja na njia ya faili tu, pasipo picha kutajwa. Hesabu ikashuka hadi 3. Wa tatu sikumwona, na picha zikaendelea kuishi kwa ukaidi uleule. Nikaanza kuandika taarifa ndefu, yenye lugha ya heshima na huzuni, kwamba Python ina hitilafu.

Mwenzangu mmoja alipita nyuma ya kiti changu, akasimama kutazama skrini.

"Kaka, hii orodha inayoitwa `hai` ni ya nini?"

"Ya uchunguzi, dada. Kila picha inayoundwa naiweka humo, kisha kila dakika naangalia kama imekufa."

Akanyamaza kidogo, kama mtu anayechagua maneno ya kumwambia mgonjwa.

"Na ikishakuwa humo ndani, itakufaje?"

Niliifuta ile taarifa kabla hajaisoma, ingawa nadhani alishafika aya ya pili. Orodha ya kawaida hushika kila kilichomo. Nilichohitaji ni `WeakSet`, ambayo huorodhesha vitu bila kuvishika. Nilipofika nyumbani nikabadilisha mstari huo mmoja, nikaongeza amri ya kuandika ujumbe kila kifo kinapotokea, nikaketi kusubiri. Ilikuwa saa saba za usiku. Picha ya kwanza ikaingia, ikapunguzwa, ikarudishwa, na kwenye skrini yakatokea maneno niliyoyatafuta kwa siku tisa: picha imekufa, faili limefutwa.

Niliruka kitini nikapiga kelele. "Imekufa! Hatimaye imekufa! Na nyingine hii hapa, nayo imekufa!"

Mlango ukagongwa kwa nguvu, na Mama akaingia kanga begani, macho yamemtoka.

"Nani kafa, mwanangu?"

"Picha, Mama."

Akanitazama, akaitazama skrini, akanitazama tena.

"Basi zife kimya kimya. Watu wamelala."