Telemachus alikua pale alipouweka upinde chini

Wasomaji wengi wa Odyssey, utenzi wa Homer, husema Telemachus aliupata utu uzima safarini. Mungu wa kike Athena anamjia akijifanya mgeni na kumwambia aache mambo ya kitoto, naye anapanda merikebu kwenda Pylos kwa mzee Nestor, kisha Sparta kwa mfalme Menelaus, kuulizia habari za baba yake Odysseus, aliyeondoka miaka 20 iliyopita na kumwacha akiwa mchanga.

Kwangu mimi, safari ile ilimpa ujasiri wa kusema tu. Kabla yake, barazani Ithaca, kisiwa chao, aliwashtaki wachumba wanaoila mali ya nyumba yao huku wakimtaka mama yake, akabwaga fimbo ya usemaji, akaangua kilio.

Utu uzima wake nauona katika kitabu cha 21. Penelope, mama yake, ameutoa upinde wa mumewe: atakayeutia upote na kupitisha mshale kwenye mashoka 12 ndiye atakayemwoa. Telemachus anachimba mtaro, anayapanga mashoka kwa mstari ulionyooka, anashindilia udongo. Watu wanashangaa, maana hajawahi kuuona mchezo huo. Kisha anaujaribu upinde. Mara 3 unamshinda. Mara ya 4 angeuweza, Homer anasema wazi, ila Odysseus, aliyekaa pale kwa sura ya ombaomba, anamwashiria aache. Naye anaacha! Anatangaza mbele ya watu wanaomdharau kwamba yeye ni dhaifu, au bado mdogo. Kijana anayetamani kuonekana mwanaume asingethubutu. Anajua nguvu anazo, na anakubali aibu ili mpango wa baba usiharibike.

Vita kati ya Odysseus na wachumba vikianza, wachumba wanapata silaha kutoka ghalani. Odysseus anashuku watumishi. Telemachus anasema kosa ni lake, mlango aliuacha wazi yeye. Hilo nalo nalihesabu.

Lakini kuna wajakazi 12 waliolala na wachumba. Baba aliagiza wauawe kwa upanga. Mwana akasema hawastahili kifo safi, akawanyonga kwa kamba ya merikebu. Huo ulikuwa uamuzi wake mwenyewe, juu ya wanawake watumwa wasio na wa kuwatetea. Homer anasema miguu yao ilitapatapa kidogo, si kwa muda mrefu. Nampenda sana Telemachus wa upinde, na huyu wa kamba siwezi kumtetea.